Mbwa Asiyependa Maji Si Mbwa Mchafu

Ukiishi Malindi, Watamu au Kilifi na ukafuga mbwa, utapewa ushauri kabla hujauomba: mpeleke baharini. Ana viroboto? Bahari. Ana upele? Bahari. Ananuka? Bahari, na akikataa mburure tu, maji ya chumvi ni dawa. Walio mbali na ufuo huambiwa watumie mpira wa maji na sabuni ya unga kila Jumamosi, mbwa akiwa amefungwa mnyororo kwenye shina la mwembe. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema. Wazee huwapa vijana, na wenye majumba ya ufuoni huwaagiza wafanyakazi wao. Wenyeji, Wataliano waliofanya Malindi kwao na watu wa bara waliohamia huku huenda wakatofautiana kwa mengi, lakini kwa hili wanakubaliana: mbwa safi ni mbwa aliyeoga, na asiyetaka kuoga alazimishwe.

Mimi nashikilia kinyume chake. Mbwa mwenye afya anayechukia maji anaweza kukaa safi miezi mingi bila kuogeshwa, na mara nyingi atakuwa msafi kuliko yule anayeogeshwa kwa nguvu kila wiki. Usafi wake hutokana na mahali anapolala, manyoya yanayochanwa, masikio na meno yanayokaguliwa, na kupe na viroboto wanaozuiwa kwa dawa inayofaa. Maji huja mwisho, na kwa sababu maalumu.

Tuanze na bahari yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza. Mto Athi unaotoka nyanda za juu karibu na Nairobi huitwa Galana ukishuka, kisha Sabaki, na humwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mvua zikinyesha bara, Sabaki huja na udongo mwingi hata maji ya ghuba ya Malindi yanageuka rangi ya matofali. Anayemtumbukiza mbwa humo wakati huo anamtoa na tope laini lililojishika chini ya manyoya, karibu na ngozi, mahali ambapo brashi haifiki kwa urahisi. Hata Watamu au ufuo wa Bofa, ambako maji huwa maangavu, chumvi hubaki ngozini maji yakishakauka. Huvuta unyevu wa hewa, ngozi inawasha, mbwa anajikuna mpaka anajichubua, na inzi wanafuata kidonda. Tena mbwa anayepigana na mawimbi humeza maji. Akimeza machache atatapika na kuharisha. Akimeza mengi chumvi inaweza kumsumisha, hata kumwua.

Na ile dawa je? Upele wa mbwa husababishwa na vidudu visivyoonekana kwa macho. Aina moja huchimba vijia ndani ya ngozi, nyingine huishi ndani kabisa ya shina la unywele. Chumvi ya bahari haifiki huko. Mbwa anayepelekwa pwani kwa upele hurudi na upele ule ule, ukiwa sasa umepakwa chumvi. Wapo pia wanaosema bahari ikishindwa, tumia oili chafu ya gari au petroli. Hili halihitaji mjadala mrefu: vitu hivyo huunguza ngozi, na mbwa anapojilamba humeza sumu. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumpaka mbwa petroli ni ukatili hata kama aliyempaka alikuwa akimhurumia.

Lakini kosa kubwa zaidi la wanaotegemea kuogesha ni kuwatafuta kupe na viroboto mahali wasipoishi. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hupoteza maji, sabuni na nguvu zao kwa kutolijua jambo hili.

Kupe anayetusumbua sana majumbani ni yule wa kahawia, wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Akitoka yaini hunyonya damu siku chache, anaanguka, anajificha na kujibadili. Anapanda tena juu ya mbwa, ananyonya, anaanguka mara ya pili. Akishakuwa mkubwa anarudia. Jike akishiba hushuka akatafute ufa, na humo anaweza kutaga mayai hata 4,000. Kupe mkubwa anaweza kungoja zaidi ya mwaka bila kula. Maana yake ni kwamba siku yoyote ile, wale unaowaona masikioni mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya kupe walioko uani kwako.

Sasa itazame nyumba ya pwani yetu. Kuta ni za mawe ya matumbawe yanayochimbwa na kukatwa papa hapa Kilifi, mawe yenye vitundu vingi, na mara nyingi ukuta wa nyuma, ule wa stoo au wa banda la mlinzi, haukupigwa lipu. Paa ni la makuti. Banda la mbwa limeegemezwa ukutani, na ndani yake mna gunia lililolaliwa tangu msimu uliopita. Kupe wa kahawia ana tabia ya kupanda juu akishaanguka, na ukuta wa namna hiyo unamfaa kila kitu: vitundu, kivuli, joto, na mbwa anayerudi kulala palepale kila siku. Mwogeshe mbwa huyo asubuhi, na jioni akilala karibu na ukuta atakuwa amepandwa upya. Isitoshe, kupe hafi kwa kumwagiwa maji dakika kumi. Anaweza kuvumilia kuzama kwa saa nyingi.

Viroboto nao ni vivyo hivyo. Wanaoruka juu ya mbwa hukadiriwa kuwa asilimia 5 tu ya viroboto wote wa nyumba iliyoshambuliwa. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na wale waliomo ndani ya vifuko vyao, na hao wako mchangani, kwenye mkeka, kwenye gunia na chini ya kochi. Jike mmoja hutaga mayai kadhaa kwa siku, yanafika 40 na zaidi akiwa na chakula cha kutosha, na mayai hayo hayanati. Huteleza na kuanguka popote mbwa anapojikunyata. Joto na unyevu wa pwani huwafaa kabisa. Kwa hiyo gunia likichemshwa, banda likifagiwa na vumbi lake likateketezwa, umewashambulia walio wengi. Mbwa akisuguliwa kwa sabuni, umewagusa wachache.

Ndiyo maana nasema anayetaka mbwa safi aanze na ukuta. Zibeni nyufa, pigeni lipu palipobaki wazi, pakeni chokaa. Sogezeni banda liwe mbali na ukuta, liinuliwe juu ya mawe mawili matatu hewa ipite chini. Malazi yawe kitu kinachofulika na kuanikwa juani kikauke kabisa. Hili la kukauka ni muhimu kwetu kuliko kwa watu wa bara baridi, kwa kuwa tuna yule inzi anayetaga kwenye mchanga wa kivulini uliokojolewa na kwenye nguo zenye unyevu, ambaye mabuu yake hupenya ngozi na kufanya majipu. Mbwa anayeoga kila wiki na kulala juu ya mchanga uliolowa maji ya kuogea anatandikiwa kitanda cha inzi huyo. Na nyayo zake zikaguliwe, katikati ya vidole, kwa ajili ya funza. Funza wapo katika vijiji vingi vya kaunti hii, na mbwa huwabeba kutoka ua hadi ua, hadi kwenye miguu ya watoto.

Kuhusu dawa kuna habari ambayo watu wengi hawaambiwi dukani. Yale matone yanayowekwa kwenye ukosi wa mbwa hufanya kazi kwa kusambaa katika mafuta ya ngozi yake. Mafuta hayo ukiyaondoa kwa sabuni, dawa haina njia. Maelekezo yake ya kawaida ni kutomwogesha mbwa siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuitia, na kuogesha mara kwa mara hufupisha nguvu yake. Mtu ananunua dawa ya bei kubwa agroveti, Jumamosi anaitoa kwa sabuni ya unga, kisha analalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki. Kwa mbwa anayechukia maji, matone haya, au vidonge vya kutafuna ambavyo baadhi yake hufanya kazi hadi wiki 12, ni nafuu kwa mbwa na kwa mwenyewe. Muulize daktari wa mifugo ipi inamfaa wako, hasa kama aliwahi kupata kifafa. Na tafadhali msimmwagie mbwa dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia. Nyingi zina amitrazi, ambayo ikizidi kipimo humlegeza mbwa, hupunguza mapigo ya moyo na kushusha joto la mwili. Kama nyumbani mna paka, jihadharini pia na dawa za mbwa zenye permethrini, kwa sababu paka hufa nazo.

Sabuni ya unga imetengenezwa ili itoe mafuta kwenye nguo, na hivyo ndivyo inavyofanya kwa mbwa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutoka jasho kidogo kwenye nyayo tu, na hujipoza kwa kuhema. Hana basi lile jasho la mchana kutwa linalotulazimisha sisi kuoga asubuhi na jioni kwenye joto la Januari. Ngozi yake ina mafuta yanayozuia uchafu na maji kupenya. Tope likikauka juu ya manyoya yenye mafuta yake ya asili, huanguka lenyewe au kwa mpigo wa brashi.

“Lakini ananuka,” mtasema. Ile harufu inayojulikana ya mbwa hutoka zaidi kwa bakteria na kuvu wanaoishi kwenye manyoya, na huzidi manyoya yanapolowa. Mbwa mwenye manyoya mazito, kama wale wa Kijerumani wanaopendwa kwa ulinzi wa majumba, akiogeshwa jioni wakati wa mvua za Mei hakauki mpaka kesho yake, na unyevu huo chini ya manyoya huzaa kuvu na vidonda vibichi. Anayeogesha ili kuondoa harufu anaweza kuwa anaitengeneza. Na harufu kali isiyo ya kawaida karibu kila mara ina mahali inapotoka: sikio lenye usaha, jino lililooza, tezi za mkunduni zilizojaa, ngozi iliyoingia kuvu. Hayo ni ya kutibiwa. Kuyamwagia povu ni kuyaficha wiki moja na kuchelewesha tiba.

Kuna hoja nyingine, nayo ni ya majirani. Pwani hii ni ya Waislamu na wasio Waislamu wanaoishi ukuta kwa ukuta, na mara nyingi nimesikia mwenye mbwa akisema anamwogesha kwa ajili ya jirani, asimwudhi. Nia ni nzuri ila njia si yenyewe. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mbwa ni najisi kwa dhati yake, na kuoga hakumtoi katika hali hiyo, hata aoge mara ngapi. Kinachohamisha najisi ni unyevu: mate yake, au mwili wake uliolowa. Kikavu kikigusa kikavu hakihamishi kitu. Anayeguswa na unyevu huo ndiye anayetakiwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. (Wafuasi wa Maliki wana kauli tofauti, na mwenye swali la ibada yake amuulize shehe wake, si mimi.) Sasa fikirieni mbwa aliyetoka kuogeshwa kwa nguvu. Jambo la kwanza atakalofanya akifunguliwa ni kukimbia na kujikung'uta. Watafiti wa Georgia Tech, Marekani, waliochapisha vipimo vyao mwaka 2012, waliona mbwa anaweza kuondoa kiasi cha asilimia 70 ya maji yaliyo kwenye manyoya yake kwa sekunde nne hivi. Maji hayo yanaruka juu ya ua, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kanzu ya mzee anayeelekea msikitini. Mbwa mkavu, aliyechanwa na kuzuiwa uani kwake, anamheshimu jirani kuliko mbwa aliyeoga. Nao Waislamu wanaofuga mbwa wa kulinda boma au mifugo, jambo ambalo dini yao imewaruhusu, wanaijua tofauti hiyo vizuri.

Anayebeba gharama ya mbwa kulazimishwa maji ni mfanyakazi wa nyumbani. Mwenye nyumba anatoa amri, naye mlinzi au mtunza bustani ndiye anayeshika mnyororo. Mbwa aliyebanwa, aliyepigwa maji usoni, asiye na pa kukimbilia, huuma. Na huuma mkono ulio karibu. Na kuumwa si jambo dogo: hadi asilimia 99 ya vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa hutokana na mbwa. Kenya ilijiwekea mkakati mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa angalau asilimia 70. Mbwa wangapi wa majumba yetu wanaogeshwa mara 50 kwa mwaka na hawajachanjwa hata mara moja? Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Nakubali kwamba wapo mbwa wanaopenda maji. Methali yetu ya mbwa hafi maji aonapo ufuko inawasifu kwa haki, na katika hori la Kilifi utawaona wakiogelea kwa hiari yao. Hao waacheni waogelee, wakitoka wasuuzwe kwa maji baridi ya mfereji, na wasiachiwe kuchimba palipo na mayai ya kasa. Ila anayeingia majini mwenyewe anachagua kina, muda na njia ya kutoka. Anayeburutwa hachagui lolote, na kila akiburutwa anajifunza kuogopa zaidi. Kulazimisha leo ndiko kunakofanya kesho iwe vigumu.

Tena maji yenyewe tunayapata wapi? Ganze na Magarini watu walipita katika ukame wa 2021 na 2022 wakitembea mwendo mrefu kwa mtungi wa lita 20. Mjini, bomba la Baricho likikatika tunanunua mitungi ya mkokoteni, na visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi. Mitungi mitatu kumsuuza mbwa asiyehitaji kusuuzwa ni mingi mno.

Kwa mbwa asiyetaka maji, kazi ya wiki ni hii. Brashi mara mbili au tatu, jioni anapotulia, kufuata mlalo wa manyoya. Kwa mbwa wetu wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hata kipande cha kumbi la nazi lililokauka kinatosha. Mkono upite masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole kutafuta kupe, na anayepatikana avutwe taratibu kwa kibanio karibu na ngozi, asiminywe kwa kucha. Kupe hawa hubeba vijidudu vya homa inayomfanya mbwa akatae chakula, atoke damu puani na ufizi uwe mweupe. Mbwa wa namna hiyo anahitaji daktari, haraka. Nyayo na tumbo vifutwe kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Hapo umemaliza.

Zipo siku ambazo maji ni lazima. Mbwa aliyejigaragaza kwenye mzoga wa samaki, aliyeingia lami, mafuta au maji taka, au aliyeandikiwa na daktari dawa ya kuogea kwa ajili ya upele, aogeshwe. Aogeshwe kwa heshima: maji yaliyokaa juani yakapata uvuguvugu, karai na kopo badala ya mpira, gunia chini ya miguu asiteleze, mtu anayemfahamu amshike, mwingine ampe vipande vya mapafu ya kuchemsha. Aanzwe miguuni. Kichwa kisimwagiwe, kifutwe tu. Sabuni iwe ya mbwa au ile laini ya mtoto mchanga, isuuzwe yote, na ikiwa ni dawa iachwe dakika alizosema daktari. Ifanyike asubuhi ili jua limkaushe.

Wenye majumba, nawaomba mfute amri ya kuogesha kila Jumamosi. Mnunulieni mlinzi brashi na kibanio, mlipie lipu ya ukuta wa nyuma na chanjo ya kichaa cha mbwa. Na akija kuwaambia kwamba mbwa hataki maji, msikilizeni, kwa sababu yeye ndiye anayekaa naye usiku kucha na ndiye atakayeumwa.